Nyumba ya Mdudu wa Jino

Moshi wa mbegu za tunguja ni mchungu, hukaba koo kabla pua haijautambua. Kijijini kwetu Ndagoni, kila aliyeumwa jino aliujua moshi huo, na mimi niliujua zaidi kwa kuwa mfukizaji alikuwa bibi yangu, mamaye baba. Aliweka kaa la moto kigaeni, akalinyunyizia mbegu hizo zilizopakwa mafuta ya nazi, akafunika kwa kifuu kilichotobolewa. Mgonjwa, akiwa amejitanda kanga kichwani, aliuvuta moshi kwa kikonyo cha jani la mpapai, huku mate yakimdondoka katika bakuli la maji. Mwishowe ndani ya maji yale vilionekana vidude vyeupe, vyembamba kama uzi. Hao, alisema Bibi, ndio wadudu waliokuwa wakilitafuna jino. Alituonya pia kwamba jino lenye mdudu haling'olewi, maana mdudu akishtuliwa hukimbilia ubongoni. Hakuna aliyebisha. Bakuli lilikuwa mbele ya macho yetu.

Msimu mmoja wa kusi, wanawake walipokuwa wakianika mwani na harufu yake ya chumvi imeenea mpaka vyumbani, gego langu lilianza kuuma. Bibi alinifukiza, maumivu yakatulia, yakarudi. Akanifukiza tena. Shavu lilivimba hata jicho likafumba, homa ikapanda, uji ukawa haupiti. Baba akaamua kwamba nusu shari ni heri kuliko shari kamili, twende hospitali Kilindoni. Nililia kama anayepelekwa kuchinjwa. Wote walidhani naogopa sindano na koleo. Niliviogopa kweli, lakini hofu yangu kubwa ilikuwa nyingine: maumivu yalikuwa hai, basi na mdudu alikuwa hai, na daktari akivuta tu nitakufa. Nilimnong'oneza Bibi peke yake. Alivaa buibui lake, akapanda pikipiki nyuma yangu, akanishika kiunoni njia nzima.

Kwenye benchi tulimkuta mzee wa kijijini kwetu, shavu lake limefungwa kitambaa. Yeye naye alikuwa amefukizwa na Bibi. Aliponiona nikilia alimtania Bibi kuwa mume aliyejipatia ni wa hasara, koleo tu linamtoa machozi, je, akija mwizi? Bibi, ambaye kwa kawaida angemrudishia utani maradufu, alikitazama tu kile kitambaa shavuni mwake.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alituamkia, akanikalisha kitini, akaniomba nifungue kinywa. Nilikaza meno. Akamweleza Baba kwamba usaha ukishuka shingoni naweza kushindwa kupumua, na kwamba jambo hili halingoji kesho. Baba alinyoosha mikono anishike kwa nguvu. Bibi akamzuia, akainama hadi uso wake ukawa karibu na wangu.

"Bwana wangu," alisema, "mdudu nilishamtoa mimi. Ulimwona mwenyewe. Humo imebaki nyumba yake tu, imeoza. Daktari anabomoa nyumba."

Nilitaka kumwamini. Lakini mtoto aliyefundishwa jambo vizuri hulifuata hadi mwisho wake. Nikauliza, bila kuachanisha meno, kama hakubaki mwingine, mbona linauma bado?

Bibi aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na mzee yule alikuwa akitusikia.

"Hakubaki," alisema. "Wala hakuwamo. Vile vyeupe ni viini vya mbegu, mwanangu. Mbegu ikipata moto hupasuka, viini vikapanda na moshi. Nimeifukiza bila mgonjwa, navyo vilitoka vilevile."

Baba alisema, "Mama," kisha akaishusha mikono yake. Nje, utani ulikuwa umekwisha. Mimi nilimtazama Bibi machoni, nikaona kwamba mtu hawezi kujivua heshima namna ile kwa ajili ya uongo. Nikafungua kinywa. Sindano iliuma, ganzi ikaja, kisha nikasikia ndani ya fuvu langu mlio kama wa mti unaong'oka. Bibi hakuniachia mkono.

Habari ilifika Ndagoni mapema. Wapo waliomwita mwongo, na wapo waliokosa raha kwa kuwa walikwisha kupona, au walidhani wamepona, kwa moshi wake. Kigae hakikuwekewa kaa tena. Aliyekuja na jino aliambiwa aende Kilindoni, na kama alikuwa mwoga, Bibi alimsindikiza. Wachache walimkubalia. Alikufa bila kurudishiwa jina lake lote, wala sikumsikia akilidai.

Leo mimi ni mwalimu wa afya katika skuli za kisiwani. Watoto wa sasa wanaujua mswaki tangu chekechea, na hospitali si mahali pa kutajwa kwa kunong'ona. Hata hivyo, kila muhula namkuta mtoto aliyekaza meno, shavu limejaa, na nyuma yake mzazi aliyekwisha kumtisha kwamba akikorofisha ataitiwa daktari. Nakaa naye. Namweleza jino linavyooza, ganzi inavyofanya kazi, nini kitauma na nini hakitauma. Sijawahi kumdanganya hata mmoja wao. Baadhi hunisikiliza, wengine hunitazama tu na midomo imefumbwa, nami hujiuliza kwa nini waniamini. Maneno yangu yote ni ya kweli, lakini bado hayajanigharimu kitu.