Kingamwili na Pua ya Mama Gaudensia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Milepa, kule bondeni, Mganga Mfawidhi alinikabidhi hadubini na kitambaa laini. "Kijana, kioo kikiwa kichafu utamwambia mzima kuwa ni mgonjwa. Futa kwanza, ndipo useme." Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nikadhani ananifundisha usafi.

Huko bondeni nilitafuta vimelea vya malaria kwenye damu kwa miaka mingi. Kisha nikahamishiwa juu, Sumbawanga, kwenye maabara ndogo iliyochunguza watu walioacha kunusa baada ya mafua makali. Vijana mnaoanza kazi hii, jueni kwamba juu kabisa ndani ya pua kuna chembe hai zenye vipokezi, mfano wa kitasa ambamo harufu huingia kama ufunguo. Ili tuvione tulitumia kingamwili, protini iliyotengenezwa makusudi ishike aina moja ya kipokezi na kuacha nyingine. Juu yake tuliongeza rangi. Ukiona kahawia, kipokezi kipo.

Mtafiti Mkuu, mama mkali kutoka Mbeya, alitaka kila kipande cha mgonjwa kipakwe rangi pamoja na kipande cha mtu anayenusa vizuri.

"Hiki cha mzima kikikosa rangi, dawa yako ndiyo imekufa, siyo pua ya mtu," alisema. "Na majibu ya utafiti hayatoki mlango huu. Umenisikia, mzee wa Milepa?"

"Nimesikia, mama."

Miongoni mwa waliokubali kutolewa kipande puani alikuwa jirani yangu wa mtaani Milanzi, Mama Gaudensia, mpika pombe ya ulezi. Alikuwa akijua kimea, ule ulezi uliochipushwa, kimeiva kwa kukiinua kiganjani na kukinusa. Mafua yakamnyang'anya hilo. "Baba Edita," aliniambia, "hata mjukuu nikimbusu utosini, ni kama nimebusu ukuta."

Julai ile umeme ulikatika mara kwa mara. Kila ulipokatika, nilitoa kichupa cha kingamwili kwenye friza nikakiweka dirishani. Sisi wa Ufipa tunajivunia baridi yetu. Nilisema moyoni, hili nalo ni friji. Nikasahau jua la mchana. Kichupa kikayeyuka, umeme uliporudi nikakigandisha, kikayeyuka tena. Kingamwili haivumilii mchezo huo. Siku ya kupaka rangi, dawa ilikuwa imebaki kidogo. Nikaibana, nikaruka kipande cha kulinganishia. Cha Mama Gaudensia hakikuonyesha kahawia hata chembe.

Jioni alinisubiri njiani. "Umeniona ndani ya pua, baba? Nina kitu?"

Kwetu jirani akikuuliza hivyo, kumnyamazia ni ukatili. "Hakuna kitu, mama. Pole sana."

Hakulia. Kesho yake akampa mkwewe mitungi yote ya kupikia pombe.

Kichupa kipya kilipofika, Mtafiti Mkuu alirudia kazi mwenyewe, pamoja na kipande cha mtu anayenusa vizuri. Hicho na cha Mama Gaudensia, vyote viwili vikatoa kahawia safi.

"Mara ya kwanza ulilinganisha na nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na nilichomwambia jirani.

"Basi nenda ukamweleze," alisema taratibu. "Lakini ulimfungia mlango, sasa usimfungulie wa uongo. Kipokezi kuwepo siyo ahadi kwamba atanusa."

Nilimkuta Mama Gaudensia akichambua maharage. Nikamweleza kuhusu dirisha, kichupa, na kipande nilichoruka. Aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui, mama. Nisamehe."

"Kutojua nakuweza. Lile neno lako ndilo lilinilaza chini." Akamwita mkwewe arudishe mtungi mmoja. "Na wewe utakuja kuninusia kimea. Hiyo ndiyo adhabu yako, Baba Edita, na usije na mafua!"

Sasa nimestaafu, na adhabu ile bado naitumikia. Kimea kikikaribia kuiva naitwa. Anakiinua kwanza yeye, anafumba macho, anavuta pumzi polepole. Mimi nimekwisha kukinusa tokea mlangoni. Nikifungua mdomo, ananiinulia mkono.

"Ngoja. Usiseme."

Nami nangoja.