Bajeti Alipokatwa

Harufu ya lami ya moto ndiyo utoto wangu wa Nyeri. Baba alirudi nayo jioni kwenye koti na nywele, chumba chetu cha kupanga kikanuka barabara ya Othaya aliyokuwa akiitengeneza. Tulikuwa wawili tu. Mama alibaki kwetu magharibi na wadogo zangu. Watoto wa ploti, wa vyumba jirani, walicheza kwa Kikuyu, nami niliwatazama kutoka mlangoni, nikingoja ile harufu.

Asubuhi moja ya manyunyu, msimamizi wake alikuja mpaka mlangoni. "Baba Nekesa, pumzika kwanza. Bajeti imekatwa, ati tungoje serikali." Pale mjini watu walimtaja mtu kama kitu, hata "mtoto imelala," kwa hivyo nikajua Bajeti ni mtu, na amekatwa panga. Nilimwonea huruma sana. Jioni nikamuuliza Baba kama Bajeti amepelekwa hospitali. Alicheka mpaka akakohoa. "Amelazwa, mama. Akipona, narudi kazini. Asipopona, utarudi kwa mamako." Basi nikawa namwombea Bajeti kabla ya kulala.

Baba hakuwa mvivu, hilo naweza kuapa. Alizunguka mjini, akaenda Tetu kwenye mashamba ya chai. Kote walimwambia vizuri tu kwamba wao wenyewe wanapunguza watu. Mimi sikusoma sana, labda nakosea, na najua serikali haichoti pesa mtoni. Lakini kila mtu akiwa amefunga mkono, nayo ikafunga wake, mtu kama Baba aende wapi? Harufu ikaisha. Akitoka bila koti nililinusa, nikapata sabuni tu. Shule zilipofungwa akanipandisha basi la kwetu, akanifunika koti lile, yeye akabaki na shati kwenye baridi.

Barabara ilikuja kumalizwa na mikono mingine. Ni nzuri, siwezi kuisema vibaya. Nami nilirudi Nyeri mtu mzima, nikapata kibarua cha kufagia ofisi za serikali. Naishi peke yangu. Baba, sasa mzee huko kwetu, hunipigia simu kila Jumapili: "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Nami hucheka: "Anakula vizuri, Baba." Wiki hii sisi wa kufagia tumeambiwa tupumzike kwanza. Leo ameuliza kama kawaida. Nikamwambia wiki hii hajala.

"Amekatwa tena?"

"Amekatwa, Baba."

Nikamsikia akivuta pumzi kule mbali. "Haya, mama. Koti bado liko huku nyumbani."