Siku Mpima Vumbi Alipokuja Mashineni

Dada yangu anaendesha mashine ya kusaga mahindi pale Mfaranyaki. Ana miaka kumi na moja ndani ya kile chumba cha bati chenye dirisha moja, na mitatu ya mwisho anakohoa. Kifua kikuu amepimwa, hana. Daktari alimwambia ni vumbi la unga: aache kazi, au mashine ifungwe bomba la kunyonya vumbi. Kuacha hawezi, watoto watakula nini? Tulipomwomba mwenye mashine hilo bomba, alicheka. "Unga nao umekuwa sumu? Mbona mnaula?"

Kicheko kile kilinikaa rohoni. Nikaona mtu wa namna hiyo dawa yake ni namba. Mimi ni karani katika ofisi moja Majengo, na huko nilisikia kuna mtaalamu anayezunguka na kifaa cha kuhesabu vumbi. Nilimbembeleza miezi miwili mpaka akakubali kuja. Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Kinavuta hewa kwa tundu dogo, ndani kuna mwanga, na kila chembe inayokatiza mwanga ule inahesabiwa, hata ile isiyoonekana kwa macho. Nilidhani nimepata shahidi asiyehongeka.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nikampitia dada, nikamwambia, "Dada, kesho saa nne una mgeni." Mjinga mimi. Nimezaliwa hapa hapa, najua sisi tukiambiwa mgeni anakuja tunafanya nini.

Tulipofika, mashine ilikuwa imezimwa. Sakafu imefagiliwa na kunyunyiziwa maji, kuta zimefutwa, mlango uko wazi upepo unapita. Wateja wamekaa nje na ndoo zao za mahindi tangu asubuhi, hakuna anayenung'unika, maana kuna mgeni. Kiti kimetandikwa kitambaa cha kufuma. Dada amevaa kitenge chake cha kanisani, akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba, karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Na alimaanisha hivyo hasa.

"Dada, washa mashine," nikasema.

"Ngoja kwanza apumzike. Nimpigie mgeni kelele?"

"Heshima kwanza," mwenye mashine akadakia, akifungua soda ya mgeni.

Mtaalamu akawasha kifaa chake, kikahesabu hewa ya chumba kilichopigwa deki. Nikamwambia hii siyo hewa anayovuta dada yangu. Akatazama saa. Alitakiwa Namtumbo kabla ya mchana, akasema, na yeye anapima anachokikuta. Anachokikuta! Mtu umesomeshwa kuhesabu kitu kisichoonekana, halafu unashindwa kuona mashine imezimwa? Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya wateja. Dada akanivuta mkono kwa aibu. "Usimgombeze mgeni."

Akamaliza soda yake, akaondoka. Pikipiki yake haijafika hata barabarani, mashine ikawashwa na chumba kikawa cheupe.

Baada ya wiki tatu ikaja karatasi yenye mhuri: hewa ni salama. Mwenye mashine akaitia kwenye fremu ya kioo, akaitundika juu ya swichi. Siku hizi ukimtajia bomba anaonyesha ukutani kwa kidole. Namchukia kwa kidole kile. Mtaalamu namchukia zaidi, kwa sababu yeye alijua. Hata dada nilimnunia, mpaka siku aliyoniuliza taratibu, "Kwani nilikosea kufagia?" Na aliyemwambia kuna mgeni ni mimi.

Bado nampitia mchana nikimpelekea chai. Ikifika saa sita, kioo cha ile fremu kimeshafunikwa na unga, neno salama halisomeki tena. Dada anakohoa, anasubiri kikohozi kitulie, kisha anavuta upindo wa kanga yake na kukifuta kile kioo.