Seva ya Rujewa na Salamu za Kihehe

Kila nikisikia harufu ya pumba za mpunga namkumbuka mwenzangu, ingawa sina hakika kama namkumbuka sawasawa. Shule niliishia kidato cha pili, naandika kama ninavyoongea. Nikikosea, yeye yupo, atanisahihisha.

Tulikuwa na kibanda cha ufundi wa kompyuta Mbeya mjini, mimi Mnyakyusa, yeye Mhehe wa Iringa. Kazi zilikuwa za kuokoteza. Alishaniambia waziwazi: "Hii ya Rujewa ikikwama, ndugu yangu, mimi narudi nyumbani kulima viazi." Nilicheka, lakini moyoni nilijua kibanda bila yeye ningekifunga.

Hiyo ya Rujewa ilikuwa seva ya mtumba, kompyuta kubwa ya kuunganisha mizani ya kinu cha mpunga na kompyuta za ofisini. Mama msimamizi wa ghala ndiye aliyewashawishi wakulima wenzake wainunue, na siku tuliyoifuata huko huko ghalani, alasiri yake walikuwa wanakuja kuiona ikifanya kazi.

Sasa, mafundi wa mtaani kwetu tulikuwa na desturi moja. Kila mtu alikuwa na flashi yake ya madraiva, vile viprogramu vinavyoifundisha mashine kutumia kadi zake, yaani vibao vinavyochomekwa ndani, vya kila aina na kila umri. Mashine ikija, unaimwagia yote, isikose kitu. Sitaki kuisema vibaya flashi ile, ilitutoa aibu mara nyingi. Lakini seva hii ilikuwa imepachikwa kadi za kutoka mashine mbalimbali. Tukaimwagia yote. Ikawa inawaka, kioo kinageuka bluu, inazima. Inawaka, bluu, inazima.

Mama akachungulia mlangoni, kitenge kimejaa vumbi la pumba.

"Wanangu, mbona hilo linakohoa tu?"

"Linapasha moto, mama," nikasema.

"Hata trekta halipashi moto tangu asubuhi."

Mwenzangu alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha akanigeukia. "Hivi wewe Mnyakyusa, ukiingia nyumba yenye watu wengi unasalimiaje?"

"Nasema hamjambo, nakaa."

"Ndiyo hapo! Umewapigia kelele wote, wote wameitikia pamoja, nani umemsikia? Kwetu unamwendea mmoja, unamwambia kamwene, unamshika mkono, anaitika, unamuuliza ng'ombe, unamuuliza watoto. Ndipo unahamia kwa wa pili."

"Ndiyo maana Wahehe mnafika msibani maiti imeshazikwa."

"Na ninyi mnawahi, mnalia, hamjui aliyekufa ni nani."

Basi tukaiwasha kwa njia ya dharura, tukafuta madraiva yote tuliyoyamwaga, tukachomoa kila kadi isiyo ya lazima. Tukarudisha moja, na draiva yake peke yake. Tukawasha, tukangoja. "Kamwene," akainong'oneza. Ikatulia. Tukarudisha nyingine. "Kamwene," mama naye akasema kutoka mlangoni, na hakuondoka tena.

Ya mtandao tuliporudisha, bluu. Kwa haki niseme: yeye hakujua ubaya uko wapi, na mimi peke yangu nisingefika hapo. Nilichofanya mimi ni kusoma maandishi madogo kwenye kadi. Nikaona zilikuwa mbili za mtandao, ya zamani tuliyokwisha kuirudisha na hii ya kuongezea, za ukoo mmoja, na draiva ya ile ya zamani ilikuwa inaishika hii nyingine kama yake. Tukaitoa ya zamani. Au labda vumbi nalo lilichangia, maana tuliipuliza pia. Sijui.

Wakulima walipofika, mmoja akatupa gunia kwenye mizani, na uzito ukatokea ofisini, kwenye kioo. Mama akapiga kigelegele. Mwenzangu akaninong'oneza, "Viazi vingoje."

Vilingoja miaka kadhaa. Baadaye mama yake mzazi aliugua, akaenda kumtunza, na hakuna mtu mwenye akili angemlaumu. Kibanda bado ninacho. Siku hizi mashine nyingi zinajitafutia madraiva zenyewe mtandaoni, na mimi bado narudisha kadi moja, nangoja.

Juzi mashine moja iligoma, nikampigia. Aliniuliza ng'ombe, na anajua sina ng'ombe. Akaniuliza watoto, mmoja mmoja, kisha wa dada yangu. Salio likaisha kabla sijamwambia habari ya mashine, na sikukasirika.