Kikohozi cha Shemeji

Tangu mumewe afariki, fundi cherehani huyu hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya ukoo wa marehemu. Akifungua kinywa tu, shemeji yake anakohoa mara mbili, anavuta kola ya shati, kisha anasema, "Kwa ufupi, anachotaka kusema shemeji yangu ni hiki." Ufupi huo ungetosha kuivisha maharage. Hata watoto wa ukoo walimwita Kwa Ufupi, akiwa hayupo. Mtu mzima, mwenye akili timamu, anasemewa kama mtoto mchanga! Inaudhi, jamani, tena inaudhi sana.

Sasa Kwa Ufupi alikuwa ameamua kwamba binti wa fundi aache shule akauze dukani kwake. Familia ingekaa mwisho wa mwezi kulimaliza jambo hilo, yaani kumsikiliza yeye. Ndiyo maana fundi alianza kufunga cherehani kila Jumamosi na kwenda kwenye mafunzo ya maigizo na kuzungumza mbele ya watu, katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba.

Mwalimu aliwakalisha duara kwenye viti vya plastiki, akawafundisha kuvuta pumzi hadi tumboni na kumtazama msikilizaji machoni. Zamu ya fundi ilipofika, alitaja jina lake tu, akaketi.

"Basi usiwe wewe," mwalimu alimwambia. "Igiza mtu yeyote unayemjua vizuri."

Angemjua nani zaidi? Akakohoa mara mbili, akavuta kola ambayo hata hakuwa nayo, akasema, "Kwa ufupi..." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kila Jumamosi wakamtaka tena, naye akanogewa: mabega juu, sauti nzito, mtu wa kusikilizwa.

Siku ya mwisho mwalimu alimwomba muuza mitumba, aliyekaa jirani naye wiki zote hizo, amwigize fundi mwenyewe. Muuza mitumba aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua pindo la gauni.

"Mimi ndivyo ninavyokaa?" fundi aliuliza.

"Hivyo hivyo, dada."

Damu ilimchemka. Alimkasirikia muuza mitumba, akajikasirikia mwenyewe, na alipofika nyumbani hasira ilikuwa imempata mwenye kuistahili hasa: shemeji.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama mkwe. Kabla hata chai haijamiminwa, fundi alisimama. Pumzi, tumbo, macho, vyote vikamtoka kichwani. Sauti pekee aliyoizoea ikajitokea yenyewe: akakohoa mara mbili, akavuta kola.

"Kwa ufupi..."

Mkono wa shemeji ulikuwa tayari shingoni, umeshika kola. Mama mkwe aliutazama mkono ule, akamtazama fundi, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Unaniigiza?" shemeji alifoka.

Fundi aliachia kola. Sauti iliyotoka sasa ilikuwa nyembamba, inatetemeka, lakini yake.

"Ndiyo, shemeji. Na wewe umekuwa ukiniigiza tangu tulipomzika mume wangu, tena vibaya. Mtoto haachi shule. Mama yake ndiye anayesema."

Shemeji akaanza kukohoa.

"Mpeni maji huyo," mama mkwe alisema, "mwenzake amalize."