Nilimshitaki kwa kunakili kanda zetu, sasa ana sauti ya binti yangu

Ndugu wasomaji, mie ni mzee wa miaka hamsini na mbili, naishi Temeke, mpiga gitaa wa bendi iliyobakiwa na watu wanne na kitambi changu. Nimemwomba mhariri alifiche jina langu, ingawa kwa upigaji wangu sidhani kama kuna anayelikumbuka.

Tulirekodi kanda moja ikapendwa, kila kibanda inalia, nasi hatuambulii kitu. Kumbe jirani yetu mwenye duka la kanda, tumwite Bwana K, anazitoa kopi kwa magunia. Nikamfuata. Akanicheka kwa heshima zote: "Shikamoo mzee wangu. Siku hizi biashara huria. Wimbo ukishatoka mdomoni, si wako tena." Nikafungua kesi.

Tangu siku ile nikipita mtaani redio zinazimwa. Kinyozi ananinyoa kimya, wembe uko shingoni, ndipo anauliza, "Mzee, ile kesi bado tu?" Mke wangu akanitania kwamba hatimaye watu wamelichoka gitaa langu. Tukacheka. Hatujacheka tena.

Juzi asubuhi tulikuta kanda mlangoni, haina jina. Nikaiweka kwenye redio, nikidhani ni chipukizi anataka ushauri. Nikasikia kikohozi changu! Halafu mke wangu akinisema kwa kukoroma. Walitega kinasa sauti dirishani, upande wa uchochoroni. Nilikuwa bado natabasamu aliposikika binti yetu, aliyekuja kwetu kujifungua, mumewe yuko Mwanza kikazi. Analia: "Mama, mimba hii si ya mume wangu. Baba asijue." Mama yake: "Punguza sauti, mwanangu." Mwishoni sauti ya kiume, taratibu kabisa: "Mzee, na hii tuitolee kopi?"

Kesi ni Jumatatu. Wenzangu wa bendi wananitegemea. Mke wangu ananililia, "Baba watoto, ifute." Binti ananiamkia kama kawaida, nami naitikia nikitazama pembeni. Bwana K ameniapia kwamba nikiifuta yataisha, maana kanda ni hiyo moja tu, ninayo mie.

Ila sikio langu halijazeeka, wasomaji. Nimeisikiliza tena peke yangu. Ina ule mvumo wa kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine. Niliyo nayo ni kopi.

Sasa nielekezeni kabla ya Jumatatu: niende mahakamani, au nikampigie magoti mtu mwenye kanda yenyewe?