Mbwa Aliyeitikia "Toka"

Harufu ya samli iliyochacha haijawahi kunipa hamu ya kula. Hunifanya nisimame. Juzi mke wa mwanangu alifungua kopo alilokuwa amelisahau kabatini, na kabla hajamaliza kuomba radhi mimi nilikuwa nimeshainuka, nachungulia mlangoni, narudi, nachungulia tena. Akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamjibu kwamba namtafuta mbwa. Akacheka, akadhani uzee umeanza kazi yake. Nyinyi msicheke kwanza, niacheni niwaeleze.

Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyekuwa akitawala, nami nilikuwa naishi upande wa Mtinko, nchi ya Unyaturu, katika tembe ya bibi yangu, mama mzaa baba. Wazazi wangu walikuwa wamekwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Waliniaga kwamba watarudi uwele utakapovunwa. Uwele ukavunwa, ukapurwa, ukaingia ghalani, na njia ikabaki tupu. Tangu hapo sikuweza kutulia. Nikitumwa maji nilikwenda mbio na kurudi mbio, nusu ya maji yakiwa mgongoni. Nikiambiwa nikae, nilikaa huku nachimbua udongo wa ukuta kwa kucha. Bibi alikuwa akiniambia, "Mjukuu wangu, wewe una siafu miguuni." Basi mara nyingine nilijikuta natazama miguu yangu kama kweli wamo.

Kila nyumba yenye ng'ombe ilichemsha samli siku hizo, na iliyo nzuri ilikwenda kwa wenye maduka mjini. Iliyochacha Bibi aliiweka kwenye kibuyu chake, akaichanganya na majivu, akawapaka mbwa wenye upele. Maana Bibi alikuwa na ugonjwa wake, kama walivyosema majirani: hakuweza kumpita mbwa mdogo anayeteswa. Mbwa wakubwa hakuhangaika nao. Alisema mbwa mkubwa ana kazi, fisi wanamwogopa, na mwenyewe humwekea mfupa. Lakini mdogo hana mtu wa kumsemea. Nyumba nzima, mimi, nguo zangu na hata ugali wetu, ilinuka samli ile.

Nilipofika kwake niliwakuta wawili tayari, na sharti niwataje. Wa kwanza alitoka kwa mwindaji mmoja aliyemshindisha na njaa, kwa imani kwamba mbwa mwenye njaa ndiye anayekimbiza vizuri. Wa pili alikuwa anachechemea kwa miguu mitatu tangu alipotoka mtegoni. Sasa kwetu mbwa hakupewa jina la kumfurahisha mbwa. Alipewa jina la kupeleka ujumbe kwa jirani, ili ukimwita kwa sauti, anayehusika asikie, na asiwe na pa kulalamikia. Bibi aliwapa majina ya Kinyaturu ambayo kwa Kiswahili ni Watasema na Nimezoea. Wakati wa kuwalisha alisimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba akaita, "Watasemaaa! Nimezoeaaa!" Majirani walioizoea kazi ya kumsengenya walijua wameambiwa, wakaingia ndani.

Wa tatu ndiye ninayemtafuta mimi. Bibi alimkuta sokoni, kwenye kilabu cha pombe, amefungwa kwa waya shingoni. Alikuwa mdogo, rangi ya majivu, sikio moja limechanika, na kila mlevi aliyepita alimsogeza kwa teke. Bibi alimwuliza mwenye kilabu kama anaweza kumchukua. Yule mama akasema, "Mchukue, mimi sijui hata alikotoka." Mbwa akaja nyumbani ndani ya kapu, na tulipoufungua mdomo wa kapu alitoka akaanza kuzunguka.

Jamani, mbwa yule alizunguka! Alizunguka ghala, akazunguka zizi, akazunguka mafiga. Akilala, alilala macho wazi huku uso umeelekea njiani. Akipewa chakula alikifukia, akaondoka, akarudi kukifukua, akakihamisha. Tulijaribu kumfunga kwa kamba akapiga kelele na kujinyonga mpaka kovu lake la waya likatoka damu, na Bibi akaikata kamba ile kwa kisu akaitupa. Niliona kama nimeletewa mwenzangu, na nilimpenda kwa pupa. Nilimfuata alikozunguka, mimi na yeye, mchana kutwa, mpaka Bibi akasema tunamtia kizunguzungu.

Jina sasa. Bibi alimpa moja, hakuitika. Akampa jingine, wapi! Jirani mmoja akasema, "Huyu ametoka kilabuni, kule kuna watu wa kila kabila. Huyu ni mbwa wa Kiswahili." Bibi hakukipenda Kiswahili hata kidogo. Kwake ilikuwa lugha ya kuitwa barazani na kudaiwa kodi, na alikijua cha kuombea chumvi dukani tu.

Siku moja mbwa aliingiza kichwa kwenye ungo wa unga. Mimi, niliyekuwa nimeokota Kiswahili changu shuleni, nikapiga ukelele, "Toka!" Mbwa akaacha unga. Lakini hakukimbia. Alinijia, tumbo likiburuta chini, mkia umeingia katikati ya miguu, akalala mbele yangu. Nikasogea mbali nikajaribu tena: "Toka!" Akaja tena vilevile. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Bibi! Njoo uone! Anaitwa Toka!"

Bibi hakucheka. Alimtazama mbwa pale alipolala, akamtazama, kisha akamega ugali, akachutama. Akalitamka lile neno polepole na kwa woga, kama mtu anayeonja uji wa moto. "Toka." Mbwa akaja akiburuta tumbo, Bibi akamtia ugali mdomoni. Kisha akanionya nisimwite kamwe bila kitu mkononi, na akinisikia namwita kwa mchezo nitamtambua. Nilinuna. Niliona ananinyima raha ya bure.

Basi likawa ndilo neno la Kiswahili lililosikika zaidi nyumbani kwetu, na ndilo lililotuletea balaa. Jumbe wetu alikuwa mtu wa heshima, mwenye koti na Kiswahili cha kujivunia. Alipita siku moja kutukumbusha kazi ya barabara. Nikampa shikamoo, Bibi akampa kigoda na kibuyu cha togwa. Alipokuwa ndiyo kwanza anapeleka kibuyu mdomoni, Bibi alimwona mbwa anajipenyeza kwa vifaranga nyuma ya mgeni. Akasimama na kuita kwa sauti yake ya kichuguuni, "Tokaaa! Toka, toka!"

Jumbe akakiweka kibuyu chini. "Mama," alisema, "wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wewe umeniambia, tena mbele ya mtoto."

"Namwita mbwa," Bibi akasema kwa Kinyaturu, huku akimwonyesha.

"Mbwa gani anaitwa Toka?"

Mbwa mwenyewe angeweza kujibu, lakini aliposikia sauti ya kiume imepanda alikuwa ameshaingia chini ya ghala. Jumbe alitutazama sisi, akautazama uwanja mtupu, akaondoka bila kuaga. Na kwa kuwa sote tulijua desturi ya majina ya mbwa, nani angemwamini Bibi kwamba lile halikuwa fumbo lake?

Haukupita muda mrefu, habari zikaja kutoka upande wa Mgori kwamba kichaa cha mbwa kimeingia. Ikatoka amri ya boma: mbwa wote wafungwe, atakayeonekana anarandaranda apigwe risasi. Watasema na Nimezoea walifungwa kwenye nguzo za zizi, wakalala wakakoroma. Toka hakufungika. Tulimfungia ndani akachimba chini ya mlango mpaka kucha zikatoka damu. Tulimwachia akazunguka. Kila niliposikia mlio wa mbali nilitoka nje kuhakikisha yupo, na kila nilipomwona yupo nilizidi kuogopa, maana mimi mwenyewe, mtoto, niliona kwamba kama kuna mbwa aliyefanana na mwenye kichaa katika nchi nzima ya Unyaturu, ni wetu.

Walikuja asubuhi, jumbe mbele, na nyuma yake askari mgeni mwenye bunduki, mtu wa pwani kwa matamshi yake. Majirani wakawafuata. Hawakupita nyumba nyingine yoyote kwanza.

"Ndiye yule," jumbe akasema. "Hatulii, halali, anafukia chakula. Nimemwona kwa macho yangu."

Toka alikuwa katikati ya uwanja, anazunguka. Nikamkimbilia. Sikuwa na mpango wowote. Nilijitupa juu ya mavumbi nikashika mguu wake wa nyuma, yeye akachomoka, nikabaki nimelala kati yake na bunduki. Askari akanipungia mkono nimpishe, akapaza sauti:

"We mtoto, toka! Toka!"

Mbwa akasimama. Akageuka. Akashusha tumbo chini akaanza kutambaa kumwendea yule askari, akanipita mimi, akampita jumbe, mpaka kwenye viatu, akalala pale, mdomo wa bunduki ukiwa juu ya sikio lake lililochanika.

Kisha Bibi akasema Kiswahili kirefu kuliko chote nilichowahi kusikia kinywani mwake. "Mbwa wa kichaa hajui jina. Wewe umeita. Yeye amekuja."

Askari akamtazama jumbe. "Anaitwa Toka?"

Jumbe alikuwa anamtazama mbwa. Niliuona uso wake ukibadilika, kwanza haya, kisha kitu kama kicheko alichokimeza haraka. "Ndiyo," akasema. "Ni jina lake. Nilikosea mimi." Nampa haki yake: angeweza kunyamaza.

"Lakini amri inasema afungwe, mama," askari akasema. "Nikimwacha hivi, kazi yangu itaota nyasi."

Bibi akasogea. Akamwinua mbwa kutoka kwenye viatu vya watu, akavua kaniki ya juu aliyojitanda, akamweka mgongoni, akambeba kama mtoto mchanga, akakaza fundo kifuani. Kichwa cha majivu kikachungulia begani kwake. Watu wakashika midomo. "Haya," Bibi akasema, "nimefunga."

Askari alicheka mpaka akaegemea bunduki yake. Akasema amri haikutaja kamba, na akaondoka.

Basi muda wote wa amri ile Bibi alitembea na mbwa mgongoni. Alikwenda naye kisimani, alipalilia naye, alikwenda naye Mtinko sokoni, na watoto wakamfuata wakiimba. Ndani ya kaniki mbwa hakupiga kelele hata siku moja. Mwanzoni alitetemeka na kutetemeka. Baadaye nilikuta ameweka kidevu begani, macho nusu, kama mzee kanisani. Mimi nilitembea pembeni nikiwa nimeshika pindo la nguo, na nadhani siku zile na mimi nilijifunza kutembea.

Amri ikaondolewa, akashushwa. Hakuzunguka tena sana. Hadithi yake ikaenea, na mimi niliisimulia kila mahali kama kichekesho: mbwa ukimfukuza, anakuja! Niliisimulia hivyo mpaka utu uzima. Lakini kuna mwisho wake ambao niliuacha kila mara, kwa sababu sikuuelewa. Mchana mmoja Bibi alichutama na ugali mkononi, akaita, "Toka." Mbwa alikuwa amelala juani, tumbo juu, miguu minne hewani. Alifumbua jicho moja, akamwona ni Bibi, akalifumba, akaendelea kulala. Mimi nilikasirika. Nikasema amepata kiburi, anyimwe chakula. Bibi alikuwa bado amechutama, na machozi yanamtoka, na kabla sijamwuliza kulikoni alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani amejifungua.

Wazazi wangu walirudi, Bibi akazikwa, nami nikazeeka nikijua tu kwamba bibi yangu alikuwa na mambo yake. Kisha marehemu mdogo wangu aliniachia binti yake, mtoto aliyekuwa amepita mikono mingi kabla ya kufika kwangu. Nikimwita, alikuja mbio, akasimama mbele yangu mikono nyuma, kichwa chini. Wageni walimsifu kwa adabu. Mimi nilimsifu vilevile, mpaka siku moja nilipoona jinsi anavyokaza mabega akifika karibu yangu, na ndipo nilipomwona yule mbwa akiburuta tumbo. Toka hakuwa akija kwa sababu ni jina lake. Alikuwa akijileta apigwe, yaishe. Kwenye viatu vya yule askari pia alijileta apigwe, na sisi tukacheka. Bibi peke yake ndiye aliyejua tangu siku ya ungo, na kila siku aliweka ugali juu ya lile neno.

Nikaacha kumwita yule mtoto kwa sauti ya kichuguuni. Nilimwendea alipo, nikamwita taratibu, na mara nyingi nilikuwa na kitu mkononi. Ilichukua muda. Kisha jioni moja nilikuwa jikoni, nikasahau, nikamwita kwa nguvu. Hakuja. Nikaita tena, na sauti ikatoka uani, haina haraka hata kidogo: "Subiri, mama mkubwa, nacheza!"

Nilipiga vigelegele pale pale jikoni, peke yangu, mwiko mkononi.